Nusu Kidonge

Kwa miaka mitatu nilipanga chumba cha nyuma nyumbani kwa MaMlotshwa, mtaa wa Luveve, Bulawayo, na kwa miaka hiyo yote sikuona kitu kikitupwa katika nyumba ile. Mche wa sabuni aliukata vipande sita akavianika juani mpaka vikawa vigumu kama mfupa, kwa sababu sabuni kavu haiyeyuki ovyo. Kifuniko cha chupa ya mafuta alikitoboa kwa sindano, mafuta yakawa yanatoka tone kwa tone, na ukitaka mengi ilibidi usimame pale ukiona aibu. Maharage yakishachemka kidogo tu aliyaepua, sufuria akaizungushia blanketi na kuifungia ndani ya boksi, yakajipika yenyewe hadi mchana bila kuni. Maji ya kuoga yalitumika kudekia sakafu, kisha yakaenda chooni. Njiti za kiberiti alizipasua katikati, moja ikawa mbili.

Mwanzoni nilimcheka. Mimi nauza nyanya pale kona ya shule, na hela ya leo nilizoea kuila leo.

"Cheka tu, Sikha," aliniambia. "Unadhani hela yako inakuishia sokoni? Inakuishia jikoni, nawe umesimama hapohapo unaitazama."

Wanawake wa mtaa walikuwa wanakuja kwake kujifunza. Wengine walikuja na daftari. Aliwaketisha jikoni akawaonyesha namna ya kuyeyusha vipande vya mishumaa kwenye kopo na kutia utambi mpya, namna ya kukausha mboga za Desemba zikaliwa Agosti. Hakuwatoza kitu. Raha yake ilikuwa kuona mtu anatoka pale akiwa na kichwa juu.

Mumewe, mzee Tshuma, ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake mbaya kuliko wote. Alikuwa msimamizi katika kiwanda cha viatu mpaka kilipofungwa, na pensheni yake kwa mwezi ilikuwa haifiki mikate mitano. Lakini mkono wake ulikuwa bado ni mkono wa mtu mwenye mshahara. Chai yake ilikuwa na sukari vijiko vitano. Akinawa, bomba linaachwa likimwaga. Akikutana na rafiki njiani, senti iliyomo mfukoni inageuka togwa la wote.

"Tshuma, wewe ni panya kwenye gunia langu," mkewe alimwambia.

"Panya mzuri lakini," mzee alijibu. "Ulinichagua mwenyewe, MaMlotshwa."

Mwezi wa pili mwaka ule paa la chumba chao cha kulala lilipasuka. Lilikuwa paa la tangu mtaa unajengwa, na fundi aliyepanda kulitazama alishuka akitikisa kichwa. Halizibiki, alisema. Mabati tisa, dola kumi kila moja, na mvua za Novemba zisiwakute. Binti yao, Nobukhosi, alikuwa anafanya usafi katika nyumba za watu Johannesburg, na alichotuma kilikuwa kinaishia kwenye unga na dawa ya presha ya baba yake. Basi MaMlotshwa akaweka sahani ya bati juu ya meza ya jikoni, akatangaza kuwa kila Jumamosi asubuhi kila mtu ataweka humo alichookoa wiki hiyo. Mimi nilikuwa mpangaji tu, paa lile halikunihusu, lakini niliingia kwa sababu ilikuwa inachekesha, na kwa sababu mama yule nilimpenda.

Wiki za mwanzo mzee Tshuma hakuwa na kitu.

"Haya, Tshuma, wiki hii umeokoa nini?"

"Nimeokoa maneno. Sikugombana na mtu hata mmoja."

"Kayaezeke basi juu ya kitanda chako."

Tulicheka. Hata yeye alicheka, ila niliona jinsi alivyokuwa akiitazama ile sahani, mimi mpangaji nikiweka senti zangu za nyanya, mkewe akiweka dola aliyoikamua kwenye sabuni na kuni, na yeye mwenye nyumba amekaa mikono mitupu. Wiki ya nne au ya tano hakucheka tena. Alitoka nje kabla hatujamaliza.

Mwezi wa tano akabadilika. Jumamosi moja aliingia jikoni amevaa koti, akasimama wima, akaweka dola mbili kwenye sahani. Zilikuwa zimekunjwa vizuri.

"Umeiba wapi?" mkewe akamuuliza.

"Nimeacha ugoro. Na nimekwenda mjini kwa miguu, kwenda na kurudi."

"Wewe?"

"Mimi. Tshuma mwenyewe."

MaMlotshwa alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kuna harusi gani. Akamwekea mumewe nyama iliyokuwa yake. Mzee alikula polepole huku akitabasamu, na tangu nimfahamu sikuwa nimemwona akikaa kwenye kiti namna ile, mabega nyuma, kama mtu anayengojwa ofisini.

Tangu siku hiyo hakukosa hata wiki moja. Dola moja, mara nyingine mbili. MaMlotshwa alinunua bati la kwanza, la pili, la tatu, akayaegemeza kwenye ukuta wa sebule, na kila mgeni alionyeshwa. "Haya ni ya Tshuma," alisema. "Mume wangu amekuwa mtu."

Adhuhuri moja ya mwezi wa sita nilirudi mapema, nyanya zimekwisha. Mzee alinisimamisha uani akaniomba wembe. Nilimpa. Baadaye nikapita mlangoni kwake kwenda kuchukua ndoo yangu, mlango ukiwa wazi, nikamwona ameinama juu ya kibao cha kukatia mboga. Alikuwa anakata vidonge vyake vya presha. Alivipasua kimoja kimoja kwa makini sana, vipande akavitia kwenye kichupa, na unga uliobaki kibaoni akaulamba kwa kidole.

"Baba, hiyo ni dawa," nilisema.

Alishtuka, kisha akacheka. "Ni dawa, ndiyo. Na nusu yake pia ni dawa."

"Lakini daktari amesema kizima kila siku."

"Daktari analala chini ya paa zima, Sikha." Akanikonyeza. "Mwenzangu anapasua njiti ya kiberiti, na nusu inawaka vilevile. Sasa sikiliza, pakiti moja ni dola nane. Kila mwezi ananipa nane niende duka la dawa. Mwezi huu nimenunua, mwezi ujao sinunui. Umeelewa hesabu?"

"Nimeelewa."

"Ndiyo ugoro wangu huo. Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe paa likikamilika, tutacheka."

Nilipaswa kupiga kelele pale pale. Nilipaswa kwenda moja kwa moja jikoni. Badala yake nilichukua ndoo yangu, na nitasema ukweli, moyoni nilimwona mjanja. Nilikuwa nimekaa sana katika nyumba ile. Kila kitu kilichokatwa nusu nilikiona ni ushindi.

Mwezi wa nane akaanza kulalamikia kichwa. Alikuwa anakaa kivulini na kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Ni jua, alisema. Siku moja pua ilimtoka damu mezani, MaMlotshwa akamwegemeza, akamshika pua, akamtazama usoni. Nilidhani sasa atauliza. Hakuuliza. Jumamosi ilipofika mzee aliweka dola yake, na vigelegele vikapigwa, ingawa vilikuwa vifupi.

Kufikia mwisho wa mwezi wa tisa mabati yalikuwa saba.

Jumamosi ya pili ya Oktoba joto lilikuwa limetukaba tangu asubuhi. Tulikuwa jikoni sote watatu. Mimi niliweka zangu, MaMlotshwa akaweka zake. Mzee alinyosha mkono juu ya sahani, ngumi imefungwa, na ngumi haikufunguka.

"Weka, Tshuma," mkewe akasema.

Alikuwa anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Acha utani, bwana. Weka hela, chai inapoa."

Akafungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa neno. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeteremka, na jicho la upande huo lilikuwa linatutazama bila kutuona. Kisha miguu ikamwacha, akaenda chini na kiti na sahani na kila kilichokuwamo, senti zikatawanyika hadi chini ya kabati. MaMlotshwa alipiga magoti akamshika kichwa. "Tshuma! Tshuma! Baba Nobukhosi!" Mimi nilikimbia barabarani kutafuta gari.

Hospitali walisema ni kiharusi. Walisema pia tulete glavu, tulete sindano, tulete maji ya mshipani, na kipimo cha kichwa kilipiwe kwanza. MaMlotshwa alinituma nyumbani. Nilimpata mtu wa kununua mabati siku hiyo hiyo. Aliona nilivyokuwa nahema, akanipa bei ya manne kwa yote saba. Hela hizo ziliisha kabla ya jioni ya siku ya pili. Nobukhosi alikopa kwa tajiri wake, akatuma randi, nazo zikaisha. Kila kitu ambacho mwanamke yule alikuwa amekibana tangu Februari, kila tone la mafuta, kilimezwa kwa siku tisa.

Wakamrudisha nyumbani mkono na mguu wa kulia vimekufa. Kusema hakusema tena. Alielewa, hilo lilikuwa baya zaidi. Ukimwambia jambo machozi yanamtoka jicho moja. MaMlotshwa aliuza makochi ili kununua vidonge, sasa kizima kila asubuhi, akivisaga na kumlisha kwa kijiko. Kitanda kilihamishiwa sebuleni, pale makochi yalipokuwa. Mwanamke mmoja, bi harusi wa nyumba ya tatu, alikuja na daftari lake kuuliza habari za maharage ya boksi. MaMlotshwa alimtazama kama hajui anazungumza nini. "Mwanangu," akamwambia, "nenda nyumbani ukale na mumeo." Akafunga mlango.

Mimi nilikuwa silali. Wiki ya tatu baada ya mzee kurudi nilimkuta MaMlotshwa jikoni akifua mashuka ya mzee kwenye beseni, nikapiga magoti kando yake.

"Mama, nina neno."

"Sema."

"Baba alikuwa anakata vidonge. Mwezi wa sita nilimwona. Wembe ulikuwa wangu. Aliniomba nisiseme, nami sikusema."

Aliendelea kufua. Alilisugua lile shuka mahali pamoja, tena na tena, mpaka nikadhani hakunisikia.

"Nilijua," alisema.

Sikumwelewa. "Ulijua nini, mama?"

"Mimi nahesabu njiti za kiberiti, Sikha. Pakiti ya vidonge thelathini ikikaa siku sitini, unadhani sitaona?" Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilijua tangu mwezi wa saba. Nilivikuta vile vipande kwenye kichupa nikavirudisha kama vilivyokuwa."

"Sasa kwa nini..."

"Nilisema nitamwambia aache yakifika mabati tisa." Akalikamua shuka, maji yakachuruzika kwenye beseni. "Kila Jumamosi nilisema, bado moja tu. Alipotokwa na damu mikononi mwangu nilisema, leo. Halafu nikayahesabu, yalikuwa matano. Nikasema, tumekaribia."

Alinyosha shuka mapajani akalitazama kama anatafuta doa.

"Na alikuwa anafurahi," akasema. "Ulimwona. Nilikuwa najiambia, muache, mwanamume amepata furaha nyumbani kwake. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini si furaha yake niliyokuwa naihesabu."

Kutoka sebuleni mzee akanguruma, sauti ile aliyoitoa akitaka kugeuzwa. Tukainuka sote wawili. Yeye alimshika mabega, mimi miguu, tukamgeuza upande wa ukuta. Jicho lake lilinipita mimi likatulia kwa mkewe, naye akainama akampangusa mate kwa upindo wa kanga yake.

Hakunifukuza. Hatukulizungumza tena. Mvua zilikuja kwa wakati wake, na chumba kile cha kulala tukakifunga, kikaoza kimya kimya nyuma ya mlango.

Mzee Tshuma alifariki Februari, Jumanne, mchana, akiwa amelishwa uji nusu bakuli. Chama cha mazishi kilileta jeneza na Nobukhosi akaja na basi la kutoka Johannesburg. Katika maombolezo wanawake walisimama mmoja mmoja kumsifu MaMlotshwa, jinsi alivyojua kutunza nyumba, jinsi alivyowafundisha. Alikaa kwenye mkeka, shuka jeusi hadi machoni. Kila aliposifiwa aliinamisha kichwa zaidi, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Nobukhosi alitaka kuondoka naye. Alikataa. Akasema ana kazi, ingawa hakusema kazi gani, na binti akarudi peke yake akilia.

Mimi nilihama mwezi wa tatu. Nilipata chumba upande wa pili wa mtaa, chenye kodi kubwa zaidi, na sikuweza kumweleza mtu kwa nini. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, hafanyi chochote, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka mitatu. Nikamuaga. Alinishika mkono, akaushika muda mrefu bila kunitazama, mpaka mwenye mkokoteni wa mizigo yangu akaita. Kisha akauachia, akaingia ndani.