Picha ya Chumvi

Koultoumi alishuka melini Mutsamudu akiwa bado anahisi ardhi inayumba, lakini kilichomkausha mate ni meza ya ukaguzi. Aliyeketi hapo alikuwa mamluki wa Kizungu mwenye ndevu nyekundu. Kando yake alisimama Mdahoma, askari wa hapo hapo mjini. Wiki mbili nyuma, Ibouroi, mwalimu mwenzake wa Moroni, alichukuliwa kwa sababu ya karatasi moja. Hajaonekana tena.

Mamluki akachomoa kwenye mkoba wa Koultoumi filamu ya eksirei, akaielekeza juani. Nukta nyeusi, zaidi ya mia, zilizunguka doa la katikati.

"Ramani ya kambi gani hii?"

"Si kambi. Ni chumvi."

Mdahoma akaangua kicheko. "Chumvi imepigwa picha! Na pilipili je, dada, hukuialika?"

Koultoumi akaeleza haraka haraka. Ilikuwa punje moja ya chumvi, aliyoikuza mwenyewe kwenye gilasi kwa siku arobaini. Ndani yake atomi zimejipanga safu kwa safu. Eksirei ikipita humo hutawanyika, na mpangilio ule ndio unaoacha nukta. Alikuwa anawapelekea wanafunzi.

"Igeuze robo mzunguko," alisema. "Nukta zitaangukia palepale. Hakuna kambi iliyojengwa hivyo."

Mamluki akazinakili nukta kadhaa kwenye karatasi, akailaza filamu juu yake, akaigeuza. Zikaangukia palepale. Akageuza tena. Koultoumi akaanza kupumua.

Kidole cha mamluki kikasimama ukingoni, penye nukta nyekundu.

"Na hii?"

"Hiyo nimeitia mimi kwa wino. Ni alama ya upande wa juu. Maabarani ndivyo tunavyofanya."

"Kumbe. Nyingine zote za chumvi, hii moja yako."

Koultoumi akalamba kidole, akaifuta ile nukta kabla hajazuiwa.

"Basi, haipo! Zungusha sasa!"

Mdahoma hakucheka. "Dada! Umefanya nini?"

Mamluki aliutazama wekundu kwenye ncha ya kidole cha Koultoumi, kwa utulivu uliotisha kuliko makelele.

"Nilikuwa nakurudishia filamu yako, mwalimu. Kama ni alama tu, umeifutia nini?"

Mamluki akapunga mkono kuelekea mji mkongwe, na gari la jeshi lililoegeshwa huko likawaka. Mdahoma akamshika kiwiko, taratibu, kama anayemvusha mgonjwa kizingiti.

"Twende, dada," alinong'ona. "Usikimbie tu. Nakuomba, usikimbie."