Mshipi Kwenye Ufito

Farasi wa hoteli ya ufukweni hapa Masoko ni mmoja tu, anaitwa Karafuu, na anayemtunza ni rafiki yangu Antonia wa Kipatimu. Jumamosi angeruka naye mbele ya wageni kwa mara ya kwanza. Alhamisi Karafuu alijikuna kwenye nguzo mbili za plastiki za kiunzi anachoruka, zikaanguka na kupasuka. Vikombe vinavyoshikilia ule ufito wa kurukwa katikati yake navyo vikakatika.

"Meneja amesema asiporuka Jumamosi, anauzwa," Antonia aliniambia. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nikavibeba vyote nyumbani. Kwetu beseni likipasuka halitupwi. Shangazi Siti alikitia kisu kwenye jiko la mkaa, mimi nikakata vipande vya ndoo iliyochoka. Tukayeyusha, tukaziba, kisha tukashona nyufa kwa mshipi wa kuvulia.

"Kusoma chuo kote kule," akasema shangazi, "unaishia kumshonea farasi."

"Na wewe je, shangazi?"

"Mimi nayeyusha ndoo yangu. Farasi ni wako."

Ijumaa asubuhi nikasimamisha nguzo uwanjani. Ufito nao nikaufunga kwenye vikombe kwa mshipi, mafundo ya kuvutia nyavu, maana baba husema kisichofungwa ni cha bahari. Antonia akaja, akautikisa. Haukusogea hata kidogo.

"Umefunga?"

"Hata upepo wa kusi hauutoi," nikasema. Nilikuwa nasubiri sifa.

Akachuchumaa kando yangu, akashusha sauti. "Mwanaidi, mguu wa Karafuu ukiugonga ufito, lazima uanguke. Usipoanguka wenyewe, tutaanguka mimi na yeye."

Uso ukaniwaka. Nikachukua wembe, nikakata fundo moja baada ya jingine. Halafu nikavikwangua vikombe mpaka ufito ukawa umelala tu, ukiguswa unabingirika.

Jumamosi Karafuu alikuja mbio, akanyanyuka. Kwato la nyuma likaugonga ufito, ukaanguka mchangani. Wageni wakaguna.

"Kazi ya Mwanaidi hiyo," akasema Twalib, mpishi wa hoteli. "Imeachia."

Lakini Karafuu alishatua salama kwa miguu yake minne, Antonia bado yuko mgongoni, anacheka. Wageni wakapiga makofi. Meneja akamuuliza kama wiki ijayo wanaweza kuruka tena.

Shangazi, aliyekuja kutazama, akanigusa begani. "Kitu chako kimeanguka, na wewe unachekelea?"

"Ndiyo, shangazi."

Nikaenda kuuokota, nikaulaza tena kwenye vikombe vyake, taratibu, bila kuufunga.