Kila Gunia na Faili Yake

Niliingiza mkono kwenye gunia langu la juu nikakuta bado kuna baridi. La chini lilikuwa limeanza kupata joto. Majani mabichi ya chai yakikaa yamebanana hujichemsha yenyewe, na yakishakuwa mekundu kiwanda hakiyataki.

Tulikuwa kituo cha kununua chai, huku upande wa Kiptere, foleni imezunguka banda mpaka kwenye ua. Mizani ya karani Jonah ilikuwa sawa. Shida ilikuja baada ya kupima: kale kamashine kake ka mkononi, ka kutuma kilo kiwandani, kalizunguka tu, kakingoja kompyuta za kiwandani zipokee, na bila hivyo hangeweza kupima gunia lingine.

Anayeangalia hizo kompyuta ni Quinter, mjukuu wangu. Kiwanda kilikuwa kimemleta kwa pikipiki aone shida mwenyewe. Alikaa kwenye benchi la karani, laptop magotini.

"Mama Ooko," akaniita Nyambeki, jirani yangu, "mwambie mtoto wako sikuleta majani yachemkie hapa. Jiko niko nalo nyumbani."

"Anasikia."

Alikuwa anasikia. Alikuwa anatafuna kamba ya kitambulisho chake, vile alivyokuwa akitafuna kola ya yunifomu akiwa mdogo.

Nikamsogelea. "Kompyuta zimejaa?"

"Hazijajaa, dani," akasema, yaani nyanya kwa lugha yetu. "Nafasi iko tele. Ni kompyuta nne zinatumia stoo moja. Kila gunia lina faili yake, ndogo sana. Kabla kompyuta moja iweke faili, lazima iombe zile zingine zisiguse folda. Gunia linalofuata, inaomba tena. Na saa hii vituo vyote vinapima."

Nikaona wake wenza wanne, ghala moja, ufunguo mmoja, na kila mmoja anaingia kuchukua punje moja ya mahindi.

Kwanza alizima kitu fulani. Akaniambia kila faili ikisomwa, kompyuta ilikuwa inaandika imesomwa saa ngapi, kazi ya bure. Magunia machache yakapita haraka. Kisha kamashine kakaanza kuzunguka tena. Mtu nyuma akacheka, si kicheko kizuri.

Quinter akasimama. "Iliyobaki ni kufunga magunia mengi kwenye faili moja, iende mara moja. Lakini bila nyinyi kukubali siruhusiwi."

Kila mtu alijua kwa nini. Ni sisi wakulima tulioshikilia kwenye mkutano, kila gunia liandikwe peke yake na liende peke yake, kwa sababu zamani kilo zilikuwa zikichanganywa, za watu wengine zikipotea.

"Mnataka kuchanganya tena?" Nyambeki akauliza.

"Hapana, mama. Kila gunia na mstari wake, na jina lake. Ni kama kubeba mayai kwa trei."

"Na trei ikianguka?"

Nilitamani Quinter adanganye kidogo.

"Ikianguka, yote yanavunjika," akasema. "Ndiyo maana Jonah atabaki na nakala kwa mashine yake mpaka kiwanda kijibu, na kila mtu atapata risiti yake."

Nyambeki akazamisha mkono kwenye gunia lake mpaka kiwiko. Akautoa, akanusa vidole. "Fanya," akasema. Mikono mingine ikainuka nyuma yake.

Quinter akaandika, akafuta, akaandika tena. Jonah akapima, akapima, akapima. Zamu yangu ilipofika nikavuta magunia yangu kando, wengine wapite. Kama ya nyanya yake Quinter yangetangulia, maneno yangekuwa mengi.

Waliopima hawakwenda nyumbani. Walisimama na risiti mkononi wakiangalia kamashine, mpaka kiwanda kikajibu kwamba mzigo wote umefika. Nyambeki akasoma jina lake kwenye kioo, kisha kilo zake, kisha jina tena.

Mimi nikawa wa mwisho. Jonah akamwaga gunia langu la chini juu ya meza, na katikati lilikuwa jekundu.

"Hili siwezi kuchukua, mama."

"Najua."

Quinter akafunga laptop, akaja tukachambua pamoja, ya kijani huku, mekundu kule.