Jina la Aliyenisikia

"Kijiji, kijiji, hapa kambi ya Qajaaq. Nijibuni!" Niliita mara kumi, redio ikanirudishia mvumo tu, kama mafuta ya sili yakichemka.

Ilikuwa Mei, na huku kwetu kaskazini ya mbali jua halitui. Mume wangu Tatigat alikuwa amekwenda ukingoni mwa barafu kuvizia sili, na pande la barafu alilokuwa amesimama juu yake likakatika, likaanza kuelea naye baharini. Tulimwona kwa darubini akitupungia mkono. Boti yetu ilikuwa kijijini, inazibwa tundu. Wa kumwokoa walikuwa huko, nao hawakusikia.

Kila mwindaji wa kwetu anajua kwamba anga ina siku zake za kuziba masikio. Siku hizo unazima redio, unatunza betri, unangoja kesho. Nikanyoosha mkono niizime.

"We mkwe, unafanya nini?" Mama mkwe wangu, Qajaaq, alinidaka mkono.

"Hawasikii, mama. Betri inakwisha."

"Na iishe! Unamtunzia nani, mwanangu akishazama? Wa karibu wakikataa kusikia, sema na wa mbali."

"Wa mbali nani?"

"Ningemjua si ningemwita mwenyewe? Sema!"

Nikasema. Niliona aibu kulia hewani bila kujua namlilia nani, lakini nilisema, hadi sauti ikakwaruza. Ndipo mwanamke akaitika, safi kana kwamba ameketi kwenye ngozi kando yangu.

"Hapa Qaanaaq. Naitwa Inaluk. Nani analia?"

Qaanaaq! Ng'ambo ya bahari, Grinlandi.

"Pole, dada. Niambie taratibu: yuko wapi, na upepo unaelekea wapi?"

Nilimweleza yote.

"Nimeandika. Nawapigia simu watu wa kwenu sasa hivi. Usi..."

Betri ikakata roho.

Saa saba baadaye wanaume wa kijiji walipita na boti juu ya sleji ya kuteleza barafuni, wakaenda kumtoa. Tatigat alirudi amelowa chapachapa, midomo imemkauka, akauliza kama chai imebaki. Qajaaq alimchapa kofi la bega, kisha akalia kwa sauti.

Fundi wa redio alinieleza baadaye kwamba huku kaskazini hewa ya juu kabisa hushika umeme kwa mafungu mafungu, yasiyoonekana wala kuwa na ratiba. Fungu moja humeza sauti ya jirani, jingine huirusha hadi ng'ambo. Sawa, nashukuru. Lakini fungu halikushika kalamu wala halikupiga simu. Aliyefanya hayo ni Inaluk.

Hatukuonana kamwe. Tulisalimiana kila anga ilipokubali, hadi mwaka wa sita, ilipokuja habari kwamba amefariki. Majira yale yale nikajifungua binti. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu, na mwenye jina hurudi nalo. Hatukuhitaji kushauriana.

Tatigat alimpokea mtoto. Akamsogezea mdomo sikioni, akasema polepole, kama asemavyo mtu redioni:

"Inaluk, hapa Tatigat. Nilifika nyumbani. Asante."

Kisha sote tukampa nafasi ya kujibu.