Mishono Mitatu Chini ya Kola

Jeanine hakubisha hodi. Aliingia katika karakana ya Ketura mjini Kasese Jumanne asubuhi, mzigo kichwani, rozari mkononi kama kikuku, akautua mzigo juu ya meza ya kukatia, palepale kwenye kitambaa ambacho Ketura alikuwa amemaliza kukichora kwa chaki.

"Mama Ketura, angalia kwanza, kisha utakasirika," alisema.

"Nimeshakasirika. Ondoa mzigo wako juu ya kazi yangu."

Jeanine alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, na kwa miaka tisa alikuwa amenunua mashati meupe ya shule kwa Ketura, akiyavusha mpakani Bwera kuwapelekea wanafunzi wa Kongo. Mwaka huu hakuwa ameagiza hata moja. Alifungua mzigo, akatoa shati jeupe lililokunjwa ndani ya karatasi ya nailoni. Kola yake ilisimama wima kama ya bwana harusi.

Ketura hakuuliza limetoka wapi. Alichomoa uzi kwenye pindo, akausogeza kwenye makaa ya pasi. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Huu ulijikunja, ukatoa moshi mweusi, ukabaki kitone kigumu kama kichwa cha pini.

"Plastiki," alisema Ketura. "Hili limevuka bahari."

"Limevuka, ndiyo. Sasa nataka livuke na muto wa Lhubiriha pale mpakani." Jeanine alicheka peke yake. "Muniwekee ule uzi mwekundu tu. Mashati mia sita. Ba douane bale ba forodha bakiona uzi wako, hawafungue hata robota moja."

Hapo ndipo palipokuwa na mambo. Kila shati lililotoka mikononi mwa Ketura lilikuwa na mishono mitatu ya uzi mwekundu chini ya kola, iliyoshonwa kwa mkono: mmoja kwa Baba, mmoja kwa Mwana, mmoja kwa Roho Mtakatifu. Kila aliposhona alisema maneno yaleyale, "Bwana, mvike mtoto huyu." Haikuwa nembo ya biashara. Ilikuwa sala. Lakini miaka miwili nyuma, alipochoka kufunguliwa vibunda juani, yeye mwenyewe alimwonyesha ofisa wa forodha mishono ile, akamwambia, "Ukiiona hii, ujue ni pamba ya Uganda na mikono ya Kasese." Ofisa aliandika jambo hilo katika daftari lake. Tangu hapo uzi ule ukawa pasi ya kusafiria.

Maana mkataba wa biashara kati ya nchi zetu ulisema hivi: kilichotengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya kinavuka bila ushuru, kilichotoka nje kinalipa. Kwenye semina pale mjini, kijana mmoja mwenye tai aliwaambia mafundi kwamba soko la mamilioni ya watu limefunguliwa. Ketura alinyoosha mkono akauliza, "Limefunguliwa mlango upande gani, wa kutokea au wa kuingilia?" Watu walicheka. Kijana akasema swali hilo atalijibu baada ya chai, na baada ya chai hakuonekana. Kisha viwanda vikubwa vya nchi jirani vikaanza kuleta mashati yao Kasese bila ushuru, kwa nusu ya bei ya Ketura. Mashine kumi na moja za karakana zikabaki nne. Wanawake saba walirudi kulima Bwesumbu. Kilichobaki ni shule moja ya masista ng'ambo ya mpaka, iliyokuwa bado inataka pamba. Mashati yao mia mbili yalitakiwa kufika kabla ya Jumatatu, siku ya kufungua shule.

"Toka," Ketura alimwambia Jeanine.

"Weye Mama! Mutu gani atajua?"

"Ninayemwomba anajua. Toka na plastiki yako."

Jeanine alifunga mzigo polepole, akimtazama si Ketura bali Evas, aliyekuwa kwenye pasi. Evas alikuwa wifi yake Ketura, dada wa marehemu mumewe. Alipiga pasi kola moja mara tatu.

Alhamisi Evas alisema, "Kesho upumzike, wifi. Magoti yako hayo. Nitapeleka mimi Bwera."

"Magoti yangu yamezoea sakafu ya kanisa. Bwera hayaogopi."

Ijumaa, siku ya soko, walishuka pamoja wakiwa na vibunda vinne. Walipofika kwenye kibanda cha forodha, Ketura aliona marobota sita yamepangwa ukutani, na Jeanine ameketi juu ya mojawapo akila ndizi.

Ofisa Ahimbisibwe, yuleyule mwenye daftari, mtu wa Mbarara mwenye sauti ya kambini, alitoka na shati mkononi.

"Wewe Mama, kuja hapa! Hii nguo ni yako?"

Ketura alilichukua. Aligeuza kola. Mishono mitatu myekundu ilikuwapo.

"Huyu anasema amenunua kwako," alisema Ahimbisibwe. "Mimi naona uzi, lakini mkono wangu unakataa. Nguo inateleza kama samaki. Nimefanya kazi hapa miaka sita, sijawahi kuona pamba inateleza."

Ketura hakuwa akisikia. Alikuwa akiitazama mishono. Ya kwake yeye ililalia kulia, kama mvua inayosukumwa na upepo wa mlimani. Hii ililalia kushoto. Katika Kasese yote alimjua mtu mmoja tu aliyeshona mishono ile kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, wakiwa wamekaa uso kwa uso.

Aligeuka. Evas alikuwa akitazama mto.

"Mashati mangapi?" Ketura aliuliza kwa Lhukonzo, lugha ya kwao.

"Wifi, si hapa."

"Mangapi?"

"Yote."

"Usiku wa jana na juzi ulikuwa nyumbani kwako ukishona sala kwenye plastiki. Ulisema nini uliposhona, Evas? Ulimtaja Mwana pia?"

"Sikusema kitu!" Evas alipaza sauti, na wabebaji mizigo wakasimama kutazama. "Nilishona! Wewe sali, mimi nishone! Mashine saba zimeota kutu, na wewe unangoja malaika waje kuzitia mafuta. Shule moja, wifi. Shule moja! Mwaka ujao na masista nao watajifunza bei."

"Nyie!" Ahimbisibwe alipiga meza. "Ongea lugha ya serikali. Mama, nauliza mara ya mwisho. Ukisema ni yako, yote inavuka sasa hivi, ya huyu na ya kwako. Ukisema si yako, basi uzi imeharibika. Naifuta kwa daftari. Kuanzia leo utaleta karatasi kama wengine: risiti ya kitambaa, barua ya kiwanda, watu wakague karakana. Wiki mbili, tatu."

"Shule zinafunguliwa Jumatatu, afande."

"Mimi sifungui shule. Nafungua na kufunga mpaka."

Jeanine alisogea karibu, akanong'ona, harufu ya ndizi mdomoni. "Sema oui, ndiyo tu, Mama. Neno moja. Masista beko nangojea."

Ketura aliyatazama mashati yake mia mbili. Aliwaza pamba ile, iliyochumwa kwenye uwanda chini ya Rwenzori, ikapelekwa kiwandani, ikarudi kitambaa. Aliwaza wanawake wanne waliobaki. Aliomba ndani ya moyo apewe jibu lingine, la tatu, na alingoja kwa kweli, mpaka ofisa akakohoa. Halikuja.

"Uzi ni wetu," alisema. "Mashati si yetu."

"Nani ameweka uzi?"

"Mtu wa kwetu."

"Jina."

"Nimekwisha kusema, afande. Futa."

Ahimbisibwe alimtazama Evas, akamtazama Ketura, akafungua daftari, akapiga mstari kwa rula. Kisha akamwandikia Jeanine ushuru.

Jeanine aliusoma, akafyonza, halafu akaanza kucheka. Alitoa noti kwenye kitenge chake moja baada ya nyingine bila haraka. "Weye mukristo wa bure," alisema. "Hata nikilipa, yangu iko bei ya chini kuliko yako. Unasikia? Nimelipa yote, na bado nakushinda. Umejichoma mwenyewe na nyumba yako, mie umeniwashia sigara tu."

Ketura alijua ni kweli.

"Afande," alisema, "kabla hayajaondoka, nitoe uzi wangu."

"Mashati mia sita?"

"Mia sita."

Ahimbisibwe alikuna kidevu, akaonyesha kivuli cha ukuta. Jeanine alipiga kelele kwamba gari lake linangoja, na ofisa akamwambia lingoje. Ketura aliketi chini, akatoa wembe, akaanza kufumua. Mishono ya Evas ilikuwa imekazwa vizuri; alimfundisha vizuri. Kwenye shati la kumi na mbili aligundua midomo yake inacheza. Ilikuwa ikisema, "Bwana, mvike mtoto huyu." Alijaribu kunyamaza, akashindwa. Mtoto wa Butembo atakayetoka jasho ndani ya plastiki ile hakuwa amemkosea kitu. Aliendelea kufumua na kusema, shati baada ya shati.

Evas alikuja na mkasi wake, akachuchumaa upande wa pili wa robota. Ketura hakumfukuza. Walifanya kazi mpaka jua likahamia kwenye miguu yao, wala hakuna aliyemtazama mwenzake.

La mwisho lilipoisha, Evas alisema, "Hivi vibunda vyetu vinne, tuvirudishe?"

"Vitarudi kama vilivyo."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu usije."

Evas alisimama. "Mashine ninayotumia ni ya kaka yangu. Alinunua kabla hajakuoa."

"Najua," Ketura alisema, akifunga wembe ndani ya kipande cha kitambaa. "Njoo na mtu wa kukusaidia kuibeba."