Transista Iliyooshwa Kerende

Robi alipiga simu asubuhi, sauti ameibana kama anaongea katikati ya ibada. "Shemeji, amekwenda mnadani. Njoo sasa hivi."

Abdurahmani alikuwa anafungua simu ya mteja pale kibandani kwake Nkende. Aliifunga, akamwambia mwenyewe arudi kesho, akabeba kisanduku chake cha bati, spika ndogo na vifaa vya kuchomea, akapanda bodaboda kwenda Kerende roho mkononi. Alijua kwamba leo ndiyo leo. Simioni, mume wa Robi, alikuwa amemkataza kabisa kuleta zawadi nyingine.

Wakati wa rashi, dhahabu ilipoonekana Kerende, watu wenye akili zao walifunga maduka wakashika sururu, na Abdurahmani alikuwa mmoja wao. Fundi simu, mikono laini, akaingia kwenye duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, kana kwamba mawe yatamhurumia kwa unadhifu wake. Siku moja ukuta ulilegea na jiwe likaanza kushuka juu yake. Simioni, ambaye alikuwa amefahamiana naye kwa majuma machache tu, aliingiza mkono wa kushoto kulizuia, na kwa mkono wa kulia akamvuta nje. Abdurahmani alitoka mzima. Jiwe lilibaki na vidole viwili vya Simioni, vile vya katikati.

Na huyo Simioni alikuwa mpigaji wa litungu, kile kinubi cha Wakurya. Harusi za Kerende zilikuwa zinamngoja yeye ndipo zianze. Baada ya ajali alijaribu kulipiga, nyuzi zikamkataa, akalipeleka kwa kaka yake, yeye akageukia kuchunga ng'ombe.

Tangu hapo Abdurahmani alikuwa anashukuru, na kusema kweli alishukuru mpaka akachosha. Alileta sukari, akaleta viatu, akaleta gita la umeme kutoka Sirari akidhani litachukua nafasi ya litungu. Simioni alilijaribu mara moja tu. Kwa vidole alivyobaki navyo lilitoa sauti nyembamba, ya mbuzi aliyefungwa mbali na mama yake. Akalitundika ukutani. Sikukuu iliyopita Abdurahmani alipofika na mbuzi halisi, Simioni alikataa kupokea kamba.

"Wewe mura," alimwambia, "kila ukija na asante yako, mimi naangalia huu mkono. Ukileta kitu kingine utarudi nacho. Na ukirudi nacho, usihangaike kuja tena."

Abdurahmani alirudi Nkende na maneno hayo. Lakini na yeye ni mbishi. Akiwa kibandani kwake alianza kusikiliza kwenye simu magita yanayonguruma, yale yanayotetemesha kifua kama litungu la Wakurya, akagundua jambo lililomtoa machozi: mngurumo ule hautaki vidole vingi. Kuna kifaa kinachokanyagwa kwa mguu, kinaiminya sauti ya gita mpaka inachanika kingo na kujaa. Ukibonyeza nyuzi mbili, kinakupa mlio wa watu kumi. Ukibonyeza nyingi, inakuwa uji. Kifaa hicho ni kama kilitengenezwa kwa ajili ya Simioni.

Basi akakijenga ndani ya kisanduku kile cha bati. Vipuri vyote alivitoa kwenye simu na redio zilizokufa, vile vidogo vinavyolala juu ya saketi, ambavyo punje ya wimbi ikiwekwa kando yake inaonekana jiwe. Transista ndizo zilizomsumbua. Alipima kopo zima, akapata mbili tu zenye ule mkwaruzo alioutaka. Akachomea moja. Ya pili aliiacha ili aichomee hukohuko Kerende, akisikiliza gita lenyewe.

Robi alimwekea meza uani, akavuta waya wa umeme kutoka ndani. Yeye alikuwa anaosha mchanga wa dhahabu kwenye karai, kazi yake ya kila siku. Kwenye nyumba ya jirani krasha ilikuwa inasaga mawe na kumwaga vumbi uani kwao. Abdurahmani alishika transista kwa kibanio, akainama, akazuia pumzi.

Akapiga chafya.

Siyo ile ya kistaarabu. Alipiga chafya ya mtu aliyekula vumbi la krasha, na alipofungua macho kibanio kilikuwa kitupu. Alipapasa meza. Alipiga magoti, akatoa macho mpaka yakamuuma. Chini ilikuwa ardhi tupu yenye vumbi jeusi.

"Shemeji, nimekwisha," alisema.

"Imedondoka? Kitu chenyewe kikoje?"

"Kidogo, cheusi, kina miguu mitatu."

Robi alicheka. "Kitu kidogo ndani ya vumbi, Kerende, halafu unalia? Ondoka hapo."

Alichukua ufagio, akafagia kuanzia mezani mpaka kwenye kizingiti, akakusanya vumbi lote kwenye karai, akamwaga maji. Kisha akaanza kuzungusha. Abdurahmani aliwahi kuwaona waoshaji wengi, ila mikono ya Robi ilikuwa na utulivu wake: karai linazunguka, tope jepesi linamwagikia kwenye beseni la pili, lile zito linabaki chini. Alizungusha hadi ikabaki mistari ya mchanga mweusi. Akainamisha karai kwenye jua, akapiga kelele.

"Dhahabu! Shemeji, tazama, dhahabu!"

Kweli, kipunje cha njano kilikuwa kimekaa pale, kimetulia. Nadhani Abdurahmani ndiye mtu wa kwanza Kerende kuona dhahabu akataka kulia kwa huzuni.

"Transista je?"

Robi alichokora mchanga kwa kijiti. "Hamna."

Robi aliinua macho. Jua lilikuwa limeshavuka utosi, na mnada hauna muda mrefu. Abdurahmani alikaa chini, akarudi kimawazo hadi pale alipopiga chafya, na ghafla akasimama. "Shemeji, ile transista ni nyepesi. Imepaa kwa pumzi. Wewe umeiosha kama dhahabu, umetunza zito, jepesi umemwaga!"

Robi alijipiga paji la uso. "Ee Mungu wangu, mikono imezoea." Kisha akatulia, akatabasamu. "Lakini sijamwaga. Nani hapa anamwaga marudio?"

Marudio ndiyo lile tope linalobaki baada ya kuosha, na Kerende hutunzwa kwa sababu huenda bado lina kitu. Lilikuwa lote ndani ya beseni la pili. Robi alileta chujio la chai, wakachuja kidogokidogo, vichwa vimekaribiana, hadi Robi akasema, "Miguu mitatu," akaiinua kwenye ncha ya kijiti kilicholoa. Abdurahmani alimshukuru Mungu, akamshukuru Robi, akalishukuru hata beseni. Akaikausha kwa upepo wa moto na kuichomea mahali pake.

Simioni aliwakuta wawili hao uani, gita limeshushwa ukutani. Alisimama bila kuweka fimbo chini.

"Nilikwambia nini?"

"Mimi ndiye niliyemwita," Robi akasema. "Gombana na mimi."

Abdurahmani alikuwa ameandaa hotuba, nayo ikamtoroka. "Tumia kidole cha shahada na kile kidogo," alisema. "Nyuzi mbili za juu. Usiongeze kingine, utaharibu."

"Usiongeze?"

"Usiongeze. Kinataka hivyo viwili tu."

Simioni alikitazama kisanduku, kisha mkono wake. Alikaa kwenye kigoda, akapakata gita, akakanyaga kisanduku, akapiga mara moja. Sauti ilitoka ikinguruma, pana, ikagonga mabati, na kuku wakakimbia. Aliinua mkono haraka kana kwamba umeungua. Halafu akaurudisha. Alitafuta ile mirindimo ya zamani ya litungu, akakosea, akarudia, akaipata. Robi aliweka kanga mdomoni. Halafu akaiondoa na kupiga vigelegele, mabega yake yakianza kucheza yenyewe. Abdurahmani alilia waziwazi na hakujificha. Alifurahi kuwa hai, na kwa mara ya kwanza furaha hiyo haikumuuma.

Simioni alipiga hadi jasho likamtoka. Hakusema asante, na wala Abdurahmani hakuingoja. Alipoacha, alijifuta uso kwa kiwiko na kuanza kufunga waya wa gita.

"Jumamosi kuna harusi kwa binamu yangu, kule Nyambureti," alisema bila kuinua kichwa. "Nitahitaji mtu wa kunibebea spika. Ni nzito kweli, na barabara mbaya. Utakuja?"

Miaka yote hiyo Simioni hakuwahi kumwomba kitu chochote, hata maji ya kunywa. Abdurahmani alisema ndiyo kabla hajaambiwa saa.