Kikaratasi cha Modesta

Kabla ya misa huku Kiseke, Modesta alinipa kikaratasi. Alitaka tumwombee mumewe, Revocatus, aliyekamatwa kwenye mkutano wa wapinzani. Mimi ndiye katekista, maombi nasoma mimi.

"Mama, siasa hatuingizi kanisani," nikamwambia, nikakitia mfukoni.

Wakati wa matangazo akasimama mgombea wa chama kikubwa. Nilimtambulisha mimi, nikamshikia kipaza sauti, nikaongoza makofi. Makofi, mbele ya altare!

Nje, Modesta akaninyooshea mkono. "Nirudishie kikaratasi changu, katekista. Nitamwombea mwenyewe nyumbani."

Nilikitoa bila kumtazama usoni. Upande wa nyuma wa kikaratasi, kwa mwandiko wangu, vilijaa vyeo vya mgombea. Niliviandika nisije nikaruka hata kimoja.